Watu wa Chanjo na Usalama Wao

 

Akina mama wengi hutuuliza: kwa nini watu wa chanjo na wa mashirika wana masharti mengi? Huja wawili wawili, hawataki kukaa mpaka usiku, na pengine husema watakuja kesho kisha wasije. Wengine hudhani ni maringo. Si maringo, mama. Hizo ni kanuni za usalama wa wafanyakazi, na zinamlinda mtoto wako pia.

Kanuni hizi zimetokana na misiba. Tarehe 19 Agosti 2003, ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Baghdad, Iraki, zililipuliwa kwa bomu na watu 22 wakafa. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ukawa na idara maalumu ya usalama. Hapa kwetu Kenya, mwezi wa Oktoba 2011, wafanyakazi wawili wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa nyara katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Dereva wao alipigwa risasi akajeruhiwa. Wawili hao waliachiliwa Julai 2013. Baada ya utekaji ule, kazi nyingi kambini zilisimamishwa kwa muda, zikabaki zile za kuokoa maisha tu. Tufikiri hapo, akina mama. Waliotekwa ni wawili, lakini waliopungukiwa na huduma ni wengi, na kati yao mlikuwa na watoto.

Sasa tuzitazame kanuni zenyewe, jinsi zinavyofika mlangoni kwako.

Kwanza, wahudumu hutembea wawili wawili, na mara nyingi pamoja na mhudumu wa afya ya jamii au mzee wa mtaa. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, gari haliingii, na mgeni hupotea upesi. Tena mama aliye peke yake nyumbani hawezi kumfungulia mwanamume asiyemjua. Akiona uso wa jirani, moyo hutulia.

Pili, huvaa kitambulisho. Una haki ya kukitazama kabla ya kufungua mlango, na mhudumu wa kweli hatakasirika. Matone ya polio wakati wa kampeni hutolewa bure. Mtu akikudai pesa, au akitaka kuingia vyumbani, usimruhusu. Mwite mzee wa mtaa.

Tatu, huweka alama. Mtoto aliyepewa matone hutiwa wino kwenye kidole, na nyumba iliyofikiwa huandikwa kwa chaki. Chaki ile si ya kuwatambulisha wenye nyumba kwa watu wabaya. Ni ya kuonyesha kwamba nyumba imepitiwa, ili watoto wasirukwe. Usiifute mpaka kampeni iishe.

Nne, hurudi ofisini mapema, na wakisikia fujo au gesi ya machozi huacha kazi siku hiyo. Ukimkaribisha chai naye akashukuru akaondoka, usione amekudharau. Kuna mtu ofisini anayengoja kusikia kwamba amefika salama.

Je, mama afanye nini? Ukijua kuna ugomvi mtaani, mwambie mhudumu asipite njia hiyo. Ukisikia uvumi msibani au harusini kwamba dawa hii ni ya kuzuia uzazi, usiupeleke mbele. Njoo kliniki uulize. Neno kama hilo likienea, huweza kumletea mhudumu mawe na matusi, na siku ya pili timu haiji.

Na timu isipokuja, usingoje. Mpeleke mtoto kliniki na kitabu chake. Chanjo huanza anapozaliwa, kisha wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na ya surua ni miezi 9 na tena miezi 18. Ikiwa tarehe imepita, njoo hivyo hivyo. Hatukufukuzi.

Neno la mwisho ni kwa mama ambaye mwanawe au mkaza mwanawe ameajiriwa na shirika. Duniani kote, walio wengi wanaodhurika katika kazi hizi si wageni kutoka Ulaya. Ni wenyeji: madereva, walinzi, wauguzi na wachanjaji. Mwulize mwanao: akichelewa, ofisini apigiwe nani? Je, ana bima? Namba hiyo iandikwe, iwekwe mahali ambapo kila mtu nyumbani anaijua. Na usimwombe akupitishe Marikiti kwa gari la ofisi, au apite njia aliyokatazwa ili akuletee mzigo. Unamtia hatarini, na pengine kazi pia ataikosa.

Kwa hiyo, akina mama, tukumbuke mambo matatu: tazama kitambulisho, zuia uvumi, na timu isipokuja, nenda kliniki. Mhudumu akirudi kwake salama leo, kesho ataweza kuja kwa mtoto wako.