Filamu ya fedha kidogo

Wiki hii nina neno juu ya filamu moja ya Marekani, One False Move, iliyotoka mwaka 1992. Ukisoma hadithi yake nyuma ya kasha la kanda utairudisha rafuni. Majambazi watatu, mmoja wao mwanamke, wanaua watu Los Angeles kwa ajili ya fedha na dawa za kulevya, kisha wanakimbia kuelekea mji mdogo wa Star City, Arkansas, ambako polisi wanawasubiri. Hayo tumeyaona mara mia.

Gharama yake haikufika dola milioni 3, ambazo kwa Hollywood ni nauli tu. Ilikusudiwa iende moja kwa moja kwenye maduka ya video. Wahakiki wawili wa televisheni, Gene Siskel na Roger Ebert, ndio walioishikia bango, na Siskel akaiita filamu bora ya mwaka ule.

Mwongozaji ni Carl Franklin, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwigizaji wa televisheni. Hana haraka. Mwuaji wake, Pluto, anayechezwa na Michael Beach, amevaa miwani, anasema kwa sauti ya chini, na silaha yake ni kisu. Nilisimamisha mkanda nikaenda kunywa maji kwanza.

Lakini anayeibeba filamu ni marehemu Bill Paxton. Yeye ni Dixon, mkuu wa polisi wa pale, mchangamfu mno, anayewafurahia wapelelezi kutoka Los Angeles kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Anaota kuhamia kwao. Siku moja mgahawani anawasikia wakimcheka. Hasemi kitu. Uso tu unaanguka, na tangu hapo nilimwogopea. Baadaye tunajua kwamba yule mwanamke, Cynda Williams, anamfahamu Dixon zamani, na kwamba kuna mtoto. Mwisho sitausema.

Watengenezaji wa filamu wa hapa kwetu husema tatizo ni fedha. Sikatai, kamera haikopeshwi kwa maneno. Ila lile tukio la mgahawani lilitaka meza, viti, na mtu anayejua kusikiliza.

Paxton alifariki mwaka 2017. Wengi wanamkumbuka kwa Titanic. Mimi namkumbuka pale mgahawani.