Deni Limekwisha, Hesabu Haijaisha



Wengi wetu wa Garsen na Mto Tana tumelipa mkopo wa nyumba kwa kukatwa mshahara. Deni likiisha, mtu husema: sasa naacha kazi, nikauze maembe. Si vibaya, lakini tupige hesabu kwanza.

Tangu Oktoba 2024, SHIF ilipochukua mahali pa NHIF, mwajiri hukata shilingi 2.75 katika kila 100 ya mshahara kwa matibabu. Anayejiajiri hakatwi na mtu. Hujilipia mwenyewe, si chini ya shilingi 3,600 kwa mwaka.

Tena mto hauna huruma. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalifunika barabara ya Garsen na Lamu. Siku kama hizo maembe huoza, na homa huingia nyumbani.

Basi deni likiisha, fedha ile ile endelea kuitoa mwaka mmoja kabla ya kuacha kazi. Kaa na mkeo mkaigawe mafungu matatu: bima, chakula cha miezi mitatu, na mtaji. Mtaji usile fungu la bima. Duka likianguka hujengwa tena, mwili je?