Friwili Haitolewi kwa Tindo

Haya ni mazungumzo ya fundi baiskeli mmoja wa Bondeni, wilayani Kyela, mbele ya kikundi cha wasomaji.



Leo nimeombwa niseme juu ya vyombo vya kutengenezea friwili. Friwili ni lile gurudumu dogo la meno lililoko nyuma, linalovutwa na mnyororo. Ndilo linalokuwezesha kuacha kupiga pedeli na baiskeli ikaendelea kwenda. Ukiacha kupiga, unasikia tiki-tiki-tiki. Hiyo ndiyo friwili.

Kwetu Bondeni ardhi ni tambarare, na baiskeli ni punda wetu. Inabeba mpunga, kakao, mawese na samaki. Inabeba hata mgonjwa. Ng'ambo ya Mto Songwe, kwa jirani zetu wa Malawi, baiskeli za abiria huitwa kabaza. Jina la boda boda nalo lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa ajili ya baiskeli, kabla ya pikipiki. Kwa hiyo kazi hii si ya mchezo.

Kwanza niwaambieni kosa langu. Nilipoanza ufundi nilikuwa na nyundo, tindo, koleo na spana moja. Basi. Mzee mmoja jirani yangu akaniletea baiskeli ambayo friwili yake ilikuwa ikikwaruza. Nikaipiga tindo ili itoke. Haikutoka. Pale mahali pa kushikia pakavunjika. Niliona aibu. Nikaishindilia grisi nzito, kelele zikanyamaza, nikamwambia, "Baba, imepona." Nikapokea na pesa.

Usiku mmoja wa masika mzee yule alimpakia mkewe, mja mzito, kumpeleka kujifungua. Njiani friwili ikateleza. Akipiga pedeli, miguu inazunguka bure, gurudumu halisogei. Wakashuka wakatembea matopeni. Mtoto alizaliwa kando ya shamba la mpunga. Mama na mtoto walipona, tunashukuru. Kesho yake mzee akaja kwangu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, uliitengeneza au uliuficha ugonjwa?" Swali hilo ndilo lililonifundisha ufundi.

Kwa nini iliteleza? Ndani ya friwili mna vipande vidogo vya chuma, kwa kawaida viwili. Tuviite kucha. Kila kucha inasukumwa na springi nyembamba kama unywele. Ukipiga pedeli, kucha hukamata meno ya ndani na gurudumu huenda. Ukiacha, kucha huruka juu ya meno, ndiyo ile tiki-tiki. Sasa ukijaza grisi nzito, kucha hunata, springi hushindwa kuziinua, na hakuna kinachokamatwa.

Basi tuanze na ugonjwa kabla ya chombo. Kama friwili inakwaruza au inateleza mara moja moja, huenda ni uchafu tu. Hapo huhitaji kuitoa. Laza baiskeli ubavu. Tia mafuta ya taa kidogo kidogo katika ufa uliopo kati ya sehemu inayozunguka na ile isiyozunguka. Izungushe kinyumenyume mpaka mchanga na matope yatoke. Iache ichuruzike na kukauka. Kisha tia matone machache ya mafuta mepesi, kama yale ya cherehani. Mawese msitie! Najua yako jikoni. Lakini mawese huganda kukiwa na ubaridi na hukamata mchanga. Mawese ni ya mboga.

Kama meno ya nje yamechongoka kama ya samaki, au friwili inayumba sana, au bado inateleza baada ya kuoshwa, basi itolewe. Hapo ndipo tunachagua vyombo.

Chombo cha kwanza ni spana ya kufungulia nati za gurudumu. Namba imeandikwa kwenye spana, nasi tunajua kusoma. Baiskeli nyingi hutaka namba 14 au 15. Isiyokaa sawasawa italainisha kona za nati.

Chombo cha pili, kilicho kikubwa kwa leo, ni kitoleo cha friwili. Ni kipande kigumu cha chuma chenye meno yanayoingia katika friwili. Tazama mdomo wa friwili yako. Nyingine zina mapengo mawili, nyingine manne, nyingine zina meno madogo mengi kwa ndani. Kitoleo lazima kifanane nayo. Usinunue kwa maneno ya muuzaji. Peleka gurudumu dukani, ukijaribishe. Kikicheza, kiache.

Ukisha kukiingiza, kibane kidogo kwa nati ya ekseli ili kisiruke. Kisha kamata kitoleo kwa spana kubwa, uzungushe kinyume cha saa. Kama una jiliwa, ni vizuri zaidi. Bana kitoleo katika jiliwa, shika gurudumu kwa mikono miwili, ulizungushe kama usukani. Ikilegea tu, legeza na nati, ndipo uendelee. Jueni kwamba friwili hujikaza kila unapopiga pedeli. Aliyebeba magunia mwaka mzima ameikaza sana. Ndiyo maana tindo haiwezi.

Chombo cha tatu ni spana ya pini mbili, ya kufungulia kifuniko cha friwili chenye matundu mawili. Hiki fundi anaweza kujitengenezea kwa bapa la chuma na pini ngumu. Lakini sikilizeni hapa: kwa kawaida kifuniko hicho hufunguka kwa mwendo wa saa, kinyume na nati nyingine. Wengi wameharibu kwa kutojua hilo. Na usiifungue bila sababu. Ndani mna gololi ndogo nyingi. Tandika kitambaa cheupe, uzihesabu.

Je, mapengo yakiwa yamekwisha kuvunjika, kama nilivyoyavunja mimi? Fungua kifuniko, ondoa sehemu ya meno, kisha bana kile kiini katika jiliwa na kuzungusha gurudumu. Friwili hiyo imekufa, lakini umeiokoa habu.

Kuifunga mpya hakutaki chombo. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za habu, iingize kwa mkono, taratibu. Ikikataa, usilazimishe, ianze upya. Hakikisha idadi ya meno iliyochapwa. Meno 20 ni mepesi kwa mzigo kuliko 18, hasa kwa anayepanda kuelekea Tukuyu. Na kama mnyororo ni mkuukuu, badilisha pamoja, la sivyo utaruka juu ya meno mapya.

Mtasema, fundi, vyombo ni ghali. Kweli. Lakini kitoleo hakitumiki kila siku. Waendesha baiskeli wa kituo kimoja wanaweza kuchanga, wakawa na sanduku moja, na daftari la kuandika nani kaazima na lini karudisha. Daftari hilo ndilo matunda ya kisomo.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima, na baiskeli yake huileta kwangu. Kila nikishika kitoleo namkumbuka baba yake. Tutengeneze, tusifiche ugonjwa.

 

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini grisi nzito na mawese hazifai ndani ya friwili?
2. Kifuniko cha friwili hufunguliwa kwa kuzungusha upande gani?
3. Katika kijiji chenu, nani angetunza sanduku la vyombo, na kwa masharti gani?