Ada, Dagaa na Mbalamwezi: Kuanzisha Shule Binafsi ya Awali na Msingi Kigoma



Nimeombwa niseme juu ya shule ya awali na msingi kama biashara. Najua wengi mmekuja na swali la mtaji: jengo, madawati, basi la njano. Niruhusuni nianze na mwezi wa angani.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, mitumbwi ya Kibirizi na Katonga inapumzika, nyavu zinashonwa, na fedha inaadimika mjini kote, kuanzia kwa mchuuzi wa dagaa hadi kwa mama ntilie, bodaboda na mwenye duka pale Mwanga. Hao ndio wazazi wa wanafunzi wenu. Watumishi wenye mshahara wa kila mwezi wapo, lakini kila mwenye shule anawagombania. Mwalimu wako, kwa upande wake, halipwi kwa mwezi mwandamo. Tarehe yake ikifika, imefika.

Mwaka 2024 jambo hili lilionekana wazi. Uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Muhula wa pili hufunguliwa Julai, katikati kabisa ya kipindi hicho. Mwenye shule anayegawa ada kwa awamu nne alikuwa anadai awamu ya tatu kwa mzazi ambaye nyavu zake ziko stoo. Kumrudisha mtoto nyumbani hakumpi baba yake dagaa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: wekeni akiba ya mishahara ya miezi mitatu kabla ya kufikiria basi. Pokeeni ada kidogo kidogo kwa simu, hata kila wiki wakati wa giza, na mpeni nafuu anayemaliza sehemu kubwa kabla ya Mei.

Sasa tupige hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Umefungua darasa moja la awali, watoto 25, ada 600,000 kwa mwaka. Hizo ni milioni 15. Una walimu wawili, mlezi, mpishi na mlinzi, kila mmoja kwa wastani wa 300,000 kwa mwezi. Mwaka mzima ni milioni 18. Milioni tatu zimepungua na hatujanunua chaki, hatujapika uji, wala hatujapeleka mchango wa NSSF. Mwaka wa pili ukifikisha watoto 50 na kuongeza walimu wawili, mapato ni milioni 30 na mishahara milioni 25.2. Hapo ndipo unaanza kupumua, tena kwa shida. Chekechea peke yake hailipi haraka. Inalipa pale watoto wanapopanda darasa na kubaki. Anayekopa benki ajenge ghorofa mwaka wa kwanza anailipa benki kwa watoto ambao bado hawajaandikishwa.

Mshindani wenu ni mgumu, maana tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada. Mzazi anayekulipa ananunua nini basi? Tusidanganyane: ananunua Kiingereza, darasa lenye watoto wachache, na mtu wa kumtunza mwanawe hadi jioni. Hicho Kiingereza ndicho kinachonipa mashaka. Vyuo vya ualimu tunavyo hapa hapa mkoani, Kasulu, lakini mwalimu anayeweza kufundisha hisabati kwa Kiingereza bila kumchanganya mtoto ni haba, na ukimpata lazima umlipe vizuri. Nimewahi kukaa darasani katika shule moja ambayo sitaitaja: ubao ulikuwa kwa Kiingereza, maelezo kwa Kiswahili, na watoto waliitikia "yes" kwa kila kitu, hata mwalimu alipouliza jina.

Kwa Ujiji kuna la ziada. Mtoto wa Ujiji ana madrasa mchana. Ukipanga ratiba inayogongana na madrasa hiyo, utampoteza mzazi hata kama shule yako ni nzuri kuliko zote.

Juu ya sheria nitakwenda upesi. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 inataka mmiliki na meneja waidhinishwe na shule isajiliwe na Kamishna wa Elimu. Msipokee watoto kwanza mkafuata karatasi baadaye. Kiwanja cha ufukweni kinavutia, ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na mlioona maji yalivyopanda 2020 na 2021 hamhitaji sheria kuwaambia. Wale wanaopanga bweni kwa watoto wadogo wa vijiji vya kusini mwa ziwa waifute ndoto hiyo: tangu Machi 2023, bweni kwa awali hadi darasa la nne limezuiwa.

Ramani za majengo nazo zibadilike. Kwa mtaala ulioanza 2024, elimu ya msingi ni miaka sita. Wenye shule tayari wajue kwamba mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja: madarasa mawili ya ada yanatoka kwa mpigo, na linaingia moja.

Kwa anayetaka kufungua Januari, naomba jambo moja. Kabla hujamwita fundi, nenda Kibirizi alfajiri, keti na wanawake wanaoanika dagaa, uwaulize ni siku zipi za mwezi wanashika fedha. Halafu ndiyo uandike karatasi yako ya ada.