Ndevu, Barakoa na Pumzi Yako
Msikilizaji, ndevu ni heshima, na kwa wengine ni ibada. Lakini wewe unayepasua mawe au kufanya kazi penye vumbi la saruji, sikiliza. Barakoa ya kuchuja hewa, kama N95, hukinga pale tu inapogusana na ngozi pande zote. Ndevu, hata za siku mbili, huacha upenyo, na vumbi hupita hapo hadi mapafuni. Basi nyoa sehemu barakoa inapokaa. Kama imani yako hairuhusu, mwombe mwajiri kofia inayopuliza hewa safi, isiyobana uso. Nawe mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa dini. Zungumzeni mapema, mapafu yakishaharibika, hayashonwi.