Kesi Imeondolewa, Nani Amemweleza?

Ijumaa, Machi 4, 2022, upande wa mashtaka uliiambia Mahakama Kuu kwamba hauna nia ya kuendelea na kesi ya Freeman Mbowe na wenzake watatu, na siku hiyohiyo Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, alikuwa Ikulu na Rais Samia. Waliofurahi wamefurahi, walionuna wamenuna. Siasa zake tunawaachia wenyewe.

Kilichotukosesha usingizi hapa kituo cha redio ni simu zenu. Tangu Ijumaa hiyo swali lilikuwa lilelile: kwa hiyo ameshinda? Februari 18 Jaji Joachim Tiganga alisema washtakiwa wana kesi ya kujibu. Wiki mbili baadaye kesi haipo. Ameshinda? Ameshindwa? Amesamehewa?

Hakuna hata moja kati ya hayo. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kuiondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu. Akishaiondoa, mshtakiwa anaachiwa, anakwenda nyumbani. Lakini mahakama haijasema ana hatia, wala haijasema hana. Haijasema lolote. Na sheria ya wakati huo ilitamka kwamba kuachiwa kwa namna hiyo hakuzuii mtu kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale.

Mbowe hakuhitaji redio imweleze hayo. Alikuwa na jopo zima la mawakili likiongozwa na Peter Kibatala. Kila neno lililosemwa mle ndani lilipata mtu wa kulitafsiri nje, tena mbele ya kamera.

Sasa mtoe Mbowe. Mweke kijana wa bodaboda wa wilaya hii, amekaa mahabusu miezi tisa kwa tuhuma ya wizi wa pikipiki. Kila baada ya wiki mbili anapandishwa karandinga, kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa. Asubuhi moja mwendesha mashtaka anasimama, anataja kifungu cha 98, kile cha kuondoa kesi katika mahakama za chini, hakimu anaandika, askari anamwambia toka. Nani amemweleza? Mama yake analia kwa furaha, ndugu wanatafuta mbuzi, na kijana hajafika getini amekamatwa tena kwa shtaka lilelile. Wanashangaa. Wanasema kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu, ni sheria. Ila hakuna aliyewaambia.

Na angekuwepo wa kumwambia, angemwambia jambo moja kubwa. Katika mahakama za chini, kesi ikiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, ameachiwa tu, anaweza kurudishwa. Ikiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, ameachiwa huru kabisa, na kosa hilo haliwezi kumrudia. Ni kifungu kilekile cha 98, na askari yuleyule ndiye anayesema "haya, nenda nyumbani". Mmoja analala usingizi, mwingine anapaswa kulala jicho wazi, na wote wawili wameondoka hawajui yupi ni yupi.

Hata pale mahakama inaposema mtu hana kesi ya kujibu, yaani upande wa mashtaka umeshindwa kuonyesha hata la kujibiwa, huko ni kuachiwa huru kamili. Tumewahi kupigiwa simu na mtu wa namna hiyo anayejificha kijiji cha pili. Anajificha nini? Nani alimweleza?

Tumelisema hili mwaka juzi, tumelisema mwaka jana, tunalisema tena. Mtanzania hafungwi na jela peke yake, anafungwa na kutojua kilichoamuliwa juu yake. Mtu ametiwa hatiani kwa makosa manne, miaka mitatu kwa kila kosa, vifungo kwenda pamoja. Familia inajumlisha pale nje ya mahakama, inapata 12, mke anaanza kugawa vyombo. Kifungo ni miaka mitatu! Vinatumikiwa kwa wakati mmoja. Mwingine ameachiwa kwa masharti, chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, anatembea kifua mbele akisema ameshinda kesi. Hakushinda. Ametiwa hatiani, ila hakimu hakuona haja ya kumwadhibu, akampa muda wa kuangaliwa mwenendo wake. Akikosea ndani ya muda huo, la zamani linafufuka.

Kuna na wale wa kukiri. Makubaliano ya kukiri kosa yaliingia katika sheria zetu mwaka 2019, na mwaka huohuo, mwezi Septemba, washtakiwa wengi wa uhujumu uchumi waliandika barua za kuomba msamaha na kukubali kurejesha fedha. Kukiri ni haki yako. Lakini anayekiri anatiwa hatiani, na kumbukumbu inabaki. Usisaini karatasi ya namna hiyo eti kwa sababu umechoka mahabusu. Usisaini peke yako.

Hapo ndipo linapokuja suala la wakili, na hapo ndipo tunapopandisha sauti. Mawakili wa nchi hii wamerundikana Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Huku kwetu mtu anaweza kuzunguka mji mzima asione kibao cha wakili hata kimoja, lakini vishoka, yaani mawakili bandia, anawakuta kumi chini ya mwembe wa mahakama. Wana suti, wana mafaili kwapani, wanamjua karani kwa jina la utani. Wanachukua laki mbili, wanasema "za hakimu". Kisha simu haipatikani.

Kumtambua wakili si uganga. Wakili ameapishwa, yumo katika daftari la Mahakama Kuu, ni mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, na leseni yake anaihuisha kila mwaka. Mahakama imeliweka daftari hilo mtandaoni, e-Wakili. Andika jina la mtu wako, utaona kama yumo na kama leseni yake ni hai. Huna simu ya intaneti? Mwombe mwanao, mwombe mwalimu wa shule, nenda masjala ya mahakama ukaulize. Wakili wa kweli hachukii kuulizwa leseni, na anakupa risiti. Anayekasirika, mwache na hasira zake.

Na kama huna fedha? Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopata mafunzo, ambao hawakusimamii kesi kama wakili lakini wanakueleza umesimama wapi. Inampa jaji au hakimu nafasi ya kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo asaidiwe. Anayeshtakiwa kwa mauaji hupewa wakili na Serikali, ingawa mara nyingi wanaonana kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, na hilo tutalipigia kelele siku yake. Msaada huu haumfuati mtu nyumbani, lazima uombwe. Anaombaje asichokijua? Nani amemweleza?

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili. Tulishangilia hapa hapa, tukapiga na wimbo. Bado wapo wasikilizaji wanaotuletea nakala za hukumu za Kiingereza kurasa 20, tuwasomee. Sisi ni watangazaji jamani, si masjala. Mfungwa wa Mahakama ya Wilaya asiyeridhika ana siku 10 tu za kutoa taarifa kwamba atakata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, bila kuhesabu muda wa kungoja nakala. Siku 10! Zinaisha familia ikiwa bado inatafuta wa kuwasomea.

Basi tusikilizane. Baba, mama, kaka uliye na ndugu mahabusu, usitoke mahakamani kabla ya kuuliza. Uliza ni kifungu gani kimetumika. Uliza ameachiwa au ameachiwa huru. Uliza kama alikuwa ameshaitwa kujitetea. Omba nakala siku hiyohiyo, kwa maandishi, ubaki na kopi. Kama amefungwa, taarifa ya rufaa inaweza kupitia kwa mkuu wa gereza, mkumbushe siku ya kumtembelea. Usimpe mtu hela chini ya mwembe. Nenda halmashauri, ofisi ya maendeleo ya jamii, ukaulizie wasaidizi wa kisheria wa wilaya. Wakikuzungusha, rudi kesho. Wakikuzungusha tena, njoo hapa kituoni, tutaitaja ofisi yao hewani.

Nanyi waheshimiwa mahakimu wa wilaya hii, tunajua mnatusikiliza mkinywa chai. Mkishasoma uamuzi, kabla askari hajamshika mtu mkono, mwambieni kwa Kiswahili: umeachiwa, lakini unaweza kushtakiwa tena. Au: umefungwa, miaka ni mitatu wala si 12, na una siku 10 kuanzia leo. Dakika mbili, waheshimiwa. Tutawaomba tena wiki ijayo, na ile inayofuata.