Kasma ya Kivuli: Fedha za Umma na Mazingira ya Hospitali Zetu



Mada niliyopewa inahusu kutumia fedha za umma ili hospitali zetu ziwe mahali pa kukalika. Najua inavyopokelewa kwenye kikao cha bajeti: glavu zimeisha, wauza dawa wanadai, halafu mtu anasimama kuombea bustani. Katibu wa afya atacheka, na sitamlaumu. Lakini ninachokiona mimi ni kwamba fedha za kupendezesha tunazo na tunazitumia. Tunapamba pasipokaa mgonjwa: geti, bango lenye majina ya viongozi, marumaru za ofisi za utawala.

Historia yetu yenyewe inatusuta. Mwaka 1897 Wajerumani walikamilisha hospitali ya Ocean Road pale Dar es Salaam, yenye baraza pana, ikitazamana na bahari, upepo ukipita wodini mchana kutwa. Ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alikwenda kwenye hospitali iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake mpaka leo liko kwenye jengo la wodi Muhimbili. Kwa hiyo mkoloni alijua thamani ya hewa na kivuli. Alichoamua ni nani avipate.

Na hewa si pambo. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo walivyofanya katika hospitali nane za Lima, Peru. Majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalibadilisha hewa haraka kuliko ya kisasa, na madirisha yakifunguliwa yalivishinda hata vyumba vyenye mitambo ya kuvuta hewa. Anayetaka kujua korido iliyobanwa inaweza kufanya nini akumbuke Tugela Ferry, Afrika Kusini, ambako kati ya wagonjwa 53 waliogundulika na kifua kikuu sugu kupindukia walifariki 52, na wengi wao walikuwa wamewahi kulazwa hospitali siku za karibuni.

Waliosanifu hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, walizingatia hatari hiyo ya kuambukizana kwa hewa. Watu hupita na kusubiri barazani, nje, badala ya kujazana kwenye korido ya ndani. Wodini vitanda vimepangwa katikati, vichwa vikielekea ukuta mfupi, ili mgonjwa akifumbua macho aone dirisha na milima badala ya kumtazama mwenzake anavyoteseka. Kuta ni za mawe ya volkano ya hapohapo, yaliyochongwa na waashi wa eneo lile. Mtu atasema Butaro ilikuwa na wafadhili. Kweli, ilikuwa nao. Lakini mawe yale hayakuletwa na mfadhili, na kugeuza kitanda hakuhitaji zabuni.

Wapo wanaopenda kutaja utafiti wa Roger Ulrich wa mwaka 1984, wa Pennsylvania, Marekani: waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo na dirisha lao likaonyesha miti, waliruhusiwa mapema kidogo na wakahitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wale walioangalia ukuta wa matofali. Ni utafiti mzuri, ila ulihusu watu 46 tu. Nisingejenga hoja yote juu yake. Hospitali ya wilaya ina hoja nzito zaidi, nayo imekaa chini pale getini.

Nendeni saa tisa na nusu alasiri, kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Mama ameketi kwenye ukingo wa mtaro, hotpoti ya uji ameifunga kwa kanga, jua linamchoma utosini. Jirani yake ametoka mbali tangu alfajiri na anatafuta choo. Mlinzi anamwelekeza hotelini ng'ambo ya barabara, ambako atalipia. Kanga zilizofuliwa zimeanikwa kwenye ua wa michongoma kwa sababu kamba hakuna. Watu hawa tunawaita wageni, ilhali ndio wanaomlisha mgonjwa, kumwogesha, kumgeuza kitandani usiku na kukimbia na karatasi ya maabara. Tukitoa kazi yao, wodi nyingi zitasimama. Hawalipwi, na sehemu ya kukaa pia hatujawapa.

Kwa nini hatujawapa? Kwa sababu ramani zetu huhesabu majengo, na eneo kati ya jengo na jengo halina mwenyewe. Mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilianza kujenga hospitali 67 za halmashauri, kila moja ikipangiwa shilingi bilioni 1.5 za kuanzia. Ni kazi kubwa iliyosogeza huduma kwa wananchi. Lakini katika miradi ya namna hii, fedha zikibana, vinavyokatwa kwanza ni njia zenye paa, vyoo vya nje na miti. Na mti ukishapandwa siku ya uzinduzi, nani anaumwagilia mwezi wa tisa? Mkataba wa usafi unataja sakafu na taka tu.

Napendekeza kasma ya matengenezo itenge fungu dogo linalojulikana kwa eneo la nje, lenye msimamizi anayetajwa kwa cheo chake. Fungu hilo lianze na choo na maji ya bomba, kisha kivuli na benchi zenye egemeo, maana mwenye mimba hakai sawasawa kwenye ubao mtupu. Maua yaje mwisho. Bwawa la kurusha maji lisije kabisa. Pampu ikiharibika linakuwa mazalia ya mbu mbele ya wodi ya watoto.

Mganga mfawidhi anayetaka pa kuanzia aende kwenye kliniki ya wajawazito saa mbili asubuhi, ahesabu waliosimama juani, kisha apeleke idadi hiyo kwa fundi seremala. Benchi hizo hazihitaji kusubiri fungu kutoka Dodoma. Fedha za uchangiaji zinazitosha.